Chumba na Meza Melini: Mwongozo Kamili kwa Mnairobi Anayepanda Meli ya Kitalii Mara ya Kwanza

Asubuhi yangu ya kwanza melini niliamshwa na viti. Saa kumi na moja alfajiri, juu ya dari yetu, mtu alikuwa akiburuta viti kimoja baada ya kingine, kama mpangaji wa ghorofa ya juu kule Pipeline anayehama usiku kukwepa kodi. Mume wangu alifungua jicho moja, akasema, "Na hapa tumelipa." Juu yetu palikuwa na kidimbwi cha kuogelea, na wafanyakazi walikuwa wakipanga viti vya kuotea jua. Ramani ya meli ilikuwa imeonyesha hilo waziwazi. Sisi ndio hatukuitazama. Tulikuwa Nairobi tukishangilia bei.

Safari ya pili nilimpeleka mama yangu. Tulilala kama magogo na tukala kama wageni wa harusi, ingawa chumba chetu hakikuwa hata na dirisha na kilikuwa rahisi kuliko kile cha kwanza. Kilichobadilika ni jioni mbili nilizokaa sebuleni kwangu Buruburu, ramani ya meli mezani na kikombe cha chai kando, kabla ya kulipa hata senti.

Hatua ya kwanza: jua bei inabeba nini

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba chumba kina watu wawili. Ukisafiri peke yako, mara nyingi utalipa karibu sawa na wawili. Bei hiyo hubeba kitanda, milo ya kawaida na burudani. Nauli ya ndege, viza, bima, bakshishi, pombe, soda, intaneti na matembezi ya nchi kavu ni juu yako.

Njia nyepesi kwa Mkenya ni meli zinazoondoka Durban au Cape Town, msimu ukiwa takriban Novemba hadi Aprili. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya kuingia Afrika Kusini kwa matembezi, hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini utadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanje wiki ya kuondoka.

Ukienda Ulaya, angalia jambo moja ambalo mawakala wengine mjini husahau kulitaja. Meli ikitoka Barcelona, ikapitia Uturuki au Uingereza kisha ikarudi Hispania, umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi, na uende ukiwa na ratiba ya bandari mkononi.

Fika kwenye mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa JKIA, meli haikungoji.

Hatua ya pili: chagua chumba kwa kutazama juu na chini yake

Vyumba viko vya aina nne. Cha ndani hakina dirisha. Cha dirisha kina kioo kisichofunguka. Cha balkoni kina roshani ya viti viwili. Kisha kuna vile vikubwa vya wenye nazo, ambavyo sina la kusema juu yake kwa sababu sijawahi kuvilalia. Vyumba vingi vya ndani huwa na mita za mraba 13 hadi 17. Kama umewahi kupanga bedsita Roysambu, picha unayo tayari: kitanda, meza ndogo, kabati, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni kiwiko kinagonga mlango.

Watu huhangaika sana na dirisha. Mimi nasema hangaikia jirani kwanza. Fungua ramani ya sitaha, yaani ghorofa za meli, kwenye tovuti ya kampuni, tafuta namba ya chumba unachotaka, kisha fungua sitaha iliyo juu yake na iliyo chini yake. Unachotaka kuona ni vyumba vya kulala juu na vyumba vya kulala chini. Ukiona kidimbwi, bufe, ukumbi wa mazoezi, jiko au disko, kimbia. Tazama pia ubavuni: lifti na ngazi huleta watu wanaocheka saa nane usiku, na sehemu nyeupe isiyo na maelezo kwenye ramani mara nyingi ni stoo au njia ya wafanyakazi, yenye mikokoteni inayopita kutwa kucha. Kuna pia vyumba vyenye mlango wa kuunganisha na cha jirani. Vinafaa familia kubwa. Kama huwajui wa upande wa pili, kupitia mlango huo utajua wanagombania nini.

Balkoni ina mtego wake. Baadhi ya vyumba vya dirisha na balkoni hutazama boti za uokoaji, na unalipia bahari ili uone boti la rangi ya machungwa. Kampuni hueleza kwa maandishi madogo kwamba mandhari yamezibwa. Wakati mwingine chumba hicho hupunguzwa bei vizuri, na kama unachotaka ni mwanga tu wa mchana, kichukue bila aibu.

Halafu kuna mawimbi. Meli huyumba kama ubao wa kubembea: katikati hutulia, ncha hupanda na kushuka. Wahenga wa pwani walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika kuchagua chumba nimeichukua methali hiyo kama ilivyo. Omo, yaani mbele, hupokea mawimbi, na alfajiri utasikia mnyororo wa nanga. Tezi, yaani nyuma, hutetemeshwa na rafadha, ile pangaboi ya kusukumia meli, wakati wa kuingia bandarini. Katikati, sitaha za chini, karibu na ngama, yaani tumbo la chini la chombo, ndiko tumbo lako linakotulia. Meli kubwa zina mapezi ya chuma yanayotokea ubavuni kupunguza kulalia upande, lakini mapezi hayo hayazuii ule mpando na mshuko wa mbele na nyuma.

Jambo hili si dogo ukitokea Durban. Mkondo wa Agulhas huteremka kando ya pwani ile kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi unapoupinga, mawimbi husimama wima. Usiku wetu wa pili safari ile ya kwanza, korido nzima ilitembea kwa kushika ukuta.

Utakutana pia na ofa ya bei ya chini ambapo kampuni ndiyo itakayokuchagulia chumba. Ndivyo tulivyoishia chini ya kidimbwi. Unahakikishiwa aina ya chumba, mahali pake hapana. Kijana anayelala popote aichukue. Mzazi mwenye maumivu ya magoti, hapana: mama yangu nilimtafutia chumba cha ndani, katikati, sitaha ya chini, vyumba saba kutoka lifti. Nilivihesabu.

Hatua ya tatu: funga mzigo kwa kukumbuka kwamba kuta ni za chuma

Kwa hakika ni za chuma, na hiyo ni faida. Nunua ndoano za sumaku, nne au sita, kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani kule River Road au Kamukunji. Zigandishe ukutani: kofia, mkoba, nguo ya kuogelea yenye maji. Chumba kitapanuka mara mbili. Masanduku matupu yasukume chini ya kitanda.

Plagi yetu ya pini tatu mara nyingi haitaingia. Soketi huwa za Ulaya au za Marekani, na hazizidi mbili tatu. Beba adapta, na chaja yenye matundu mengi ya USB. Usibebe ekstensheni yenye kinga ya umeme, pasi wala birika la stima: hukamatwa mlangoni kwa hofu ya moto, unarudishiwa siku ya mwisho. Soketi za Marekani hutoa volti 110, kwa hiyo mashine yako ya nywele ya volti 240 itapumua tu. Chaja za simu hazina shida, ilimradi zimeandikwa 100–240V.

Mama alikasirishwa sana na habari ya birika. "Sasa hawa watu wananywa chai saa ngapi?" Nilimwambia chai ipo. Akaniangalia, kisha akatia pakiti ya majani ya Kericho sandukuni bila kusema neno.

Beba tangawizi, ya unga au ya peremende, na biskuti kavu. Kwa vidonge vya kichefuchefu cha safari, zungumza na mfamasia kabla hujaondoka, hasa kama unatumia dawa za presha au sukari. Umeze mapema, kabla bahari haijachafuka. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai. Ikikukuta bila dawa, panda juu penye hewa, simama katikati ya meli na ukazie macho mstari wa upeo. Usijifungie chumbani na simu.

Hatua ya nne: saa tatu za kwanza

Bandarini utampa mchukuzi sanduku lenye lebo ya namba ya chumba, nalo litafika mlangoni kwako jioni, pengine usiku. Kwa hiyo pasipoti, dawa, chaja, nguo ya kuogelea na ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Watu wote watakimbilia bufe. Waache. Tumia saa hiyo kufanya mambo matatu. Kwanza ingia chumbani, ujaribu maji ya moto, kiyoyozi na sefu, kwa maana malalamiko ya siku ya kwanza husikilizwa na ya siku ya nne huandikwa. Taa zikikataa, chomeka kadi yako kwenye kitundu karibu na mlango. Choo kinavuta kwa hewa na kishindo. Mama aliruka mara ya kwanza. Kisitiwe chochote ila karatasi yake.

Pili, mtafute mhudumu wa chumba na umsalimu kwa jina, limeandikwa kifuani. Kama mnataka kitanda kikubwa kigawanywe viwili, au friji iondolewe vinywaji vya kulipia, mwambie sasa.

Tatu, nenda ukumbi mkuu wa chakula ukatazame meza yako. Nitalirudia hilo.

Kabla ya kung'oa nanga kuna zoezi la dharura, na si la hiari. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Jua kituo chako cha kukusanyikia, na utembee mpaka hapo kwa ngazi, si kwa lifti, angalau mara moja.

Hatua ya tano: meza

Hapa ndipo Wanairobi wengi hupoteza nusu ya kile walicholipia. Tunaijua bufe kutoka hotelini, basi tunakula bufe asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, kisha tunarudi nyumbani tukisema chakula cha melini ni cha kawaida. Ni kweli, cha bufe ni cha kawaida. Jiko lenyewe hujipamba kwenye ukumbi mkuu, ambako unaketi, unapewa menyu inayobadilika kila usiku, na huongezi hata shilingi.

Ukumbi huo una mitindo miwili. Wa kwanza ni meza ya kudumu: zamu ya mapema, karibu saa kumi na mbili jioni, au ya baadaye, karibu saa mbili na nusu usiku. Unakaa meza ileile na weita yuleyule. Wa pili ni kuja utakapo na kuketi penye nafasi. Wa pili unasikika kama uhuru, lakini nakushauri wa kwanza. Kufikia usiku wa tatu weita anajua kwamba mama hali pilipili, kwamba maji yake yawe ya moto, na kwamba supu ndiyo anayoipenda kuliko nyama. Chagua zamu unapolipia chumba, kwa sababu ile ya mapema hujaa haraka.

Sasa lile la kutazama meza siku ya kwanza. Ukikuta umewekwa karibu na mlango wa jiko, au umepangwa na watu wanane usiowajua na hupendi hivyo, mwone msimamizi wa ukumbi mchana huohuo. Nilipokwenda kuomba meza ya watu wawili karibu na dirisha, kijana mmoja aliyekuwa akipanga vijiko aligeuka aliposikia namna ninavyotamka Kiingereza. "Dada, wewe wa kwetu?" Alikuwa wa Likoni. Meza ilipatikana, na jioni alikuja mwenyewe kumsalimu mama: "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, na tangu hapo akaacha kuulizia ugali. Si kila meli utamkuta wa nyumbani. Wengi wa wahudumu hutoka Ufilipino, India na Indonesia. Lakini wote wako mbali na mama zao, na salamu ya kweli wanaitambua.

Kula kwenyewe kuna siri ndogo. Vipimo ni vidogo kuliko tulivyozoea, na hakuna dhambi kuagiza vianzio viwili, au kuomba chakula kikuu cha pili uonje. Kwenye meli nyingi hakuna malipo, ingawa baadhi hutoza ukivuka cha pili, kwa hiyo uliza. Ukiwa na hamu ya kitu cha nyumbani, muulize weita kuhusu vyakula vya Kihindi. Dengu, wali na mkate wa tawa hupatikana mara nyingi hata visipoandikwa, na kwa tumbo lililozoea chapati na ndengu hiyo ni rehema.

Kwa Waislamu: usingoje ufike. Andikia kampuni wiki kadhaa kabla, uulize kwa maneno kamili kama nyama imechinjwa kihalali, maana kusema tu kwamba hakuna nguruwe hakutoshi. Mchuzi huweza kutiwa divai, na vitamutamu huweza kuwa na jelatini. Beba jibu lao limechapishwa, umwonyeshe msimamizi wa ukumbi siku ya kwanza. Lisipokuwa jibu la kuridhisha, samaki na mboga melini si adhabu. Wenye kisukari na mzio wafuate njia hiyohiyo.

Bufe ina kazi yake: kifungua kinywa cha haraka siku ya kushuka bandarini, na chai ya saa kumi. Nawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kushika koleo la chakula. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuharisha melini, haviogopi sana sanitaiza ya pombe. Foleni huwa ndefu saa sita na nusu mchana. Ukumbi mkuu saa hiyo mara nyingi umefunguliwa na una nafasi.

Mikahawa ya kulipia ya nyama, samaki na vyakula vya Kijapani ipo. Mkiwa na sherehe, nendeni mara moja. Chakula cha chumbani hutofautiana: kwengine kifungua kinywa chepesi ni bure, unaning'iniza kadi mlangoni kabla ya kulala, na vingine vina ada.

Vinywaji ndivyo vinavyomaliza watu. Maji, chai na kahawa ya bufe, na juisi ya asubuhi kwa kawaida vimo kwenye bei. Soda na bia hazimo, na kwenye baadhi ya meli za kampuni za Ulaya hata maji ya chupa mezani hulipiwa. Kifurushi cha vinywaji kinavutia, lakini kampuni nyingi hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Mama anakunywa maji moto. Nilikataa kifurushi.

Usiku mmoja au miwili kwa wiki ni wa kuvaa rasmi. Suti si lazima uinunue. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, kanzu na kofia, vyote huingia bila swali. Mama alivaa kitenge na kilemba, akapigwa picha na watu asiowajua kuliko bibi harusi.

Hatua ya sita: pesa, kwa ufupi

M-Pesa haifui dafu huku. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba, nayo hufungwa na kadi ya benki au fedha taslimu utakazoweka mapokezi. Kadi ya kutoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti hushikiliwa kiasi fulani, na pesa hizo zaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya safari. Kama salio lako ni la kuhesabu, weka taslimu. Bakshishi ya kila siku hukatwa yenyewe. Kwa kampuni za Marekani tarajia kati ya dola 15 na 20 kwa mtu kwa siku. Zidisha kabla ya kuondoka Nairobi. Kagua hesabu yako kila usiku. Simu iweke katika hali ya ndegeni tangu meli inapong'oa nanga, kwa sababu mtandao wa baharini hula salio kama moto wa nyika.

Hatua ya saba: usiku wa mwisho

Masanduku hutolewa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, nayo hukutangulia nchi kavu. Acha nguo za kesho na viatu ndani. Nilimwona bwana mmoja akishuka bandarini na slipa nyeupe za hoteli, suti juu, uso mbele.

Asubuhi usiende bufe, imejaa masanduku ya mkononi na watoto wanaolia. Nenda ukumbi mkuu, keti, kunywa chai yako ya mwisho ukihudumiwa. Matunda na nyama za melini usitie mkobani, forodha za nchi nyingi hutoza faini. Aliyekuhudumia vizuri mpe cha ziada mkononi, kwenye bahasha, ukimtaja jina.

Mama hakuwa na bahasha. Alifungua mkoba, akatoa pakiti ya majani ya Kericho iliyobaki nusu, ameifunga kwa mpira, akampa yule kijana wa Likoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa kwanza.